Kukiuliza Kimelea Chenyewe: Mchujo wa Kasi Kubwa na Utafutaji wa Shabaha Mpya za Dawa

Hotuba kwa wanafunzi, wahudumu wa afya na wananchi, Upanga, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, wafamasia, wauguzi, wanafunzi, na ninyi mliokuwa mnapita tu mkaona mlango uko wazi mkaingia: shikamooni walio wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Itifaki imezingatiwa.

Kabla sijasema lolote naomba niwaonyeshe kitu. Sahani hii ya plastiki ninayoiinua ina urefu wa milimita 127.76 na upana wa milimita 85.48, yaani inaenea kiganjani, na ina visima 96 vilivyopangwa katika safu mlalo nane, kuanzia A hadi H, na safu wima kumi na mbili. Nimeijaza robo saa iliyopita, hapo nyuma ya pazia, kwa vitu vya jikoni. Ndani ya visima vingi kuna hamira, ile ile ya maandazi, pamoja na sukari kidogo na tone la rangi iitwayo resazurini. Rangi hiyo ni ya buluu, na chembe hai zinapoendelea na shughuli zake huigeuza ikawa ya waridi. Safu wima ya kwanza ina hamira hai na maji matupu, kwa hiyo inapaswa kugeuka waridi. Safu ya kumi na mbili ina hamira niliyoichemsha, kwa hiyo inapaswa kubaki buluu. Katikati nimeweka vitu kumi nilivyovipata jana, vingi katika soko la Kisutu: karafuu, mdalasini, tangawizi, binzari ya manjano, ndimu, siki, chumvi, pilipili manga, majani ya mwarobaini na majani ya mpera. Kuanzia A hadi F kuna hamira, na nguvu ya kila kitu inapungua kwa nusu kila ukishuka mstari mmoja. Katika G na H nimeweka kitu chenyewe, kwa nguvu ile ile ya A, bila hamira. Namwomba kijana aliyekaa hapa mbele anishikie, asiitikise, nasi tutaisoma nikimaliza kuzungumza.

Hicho alichokishika ndicho chombo cha kazi ninayotaka kuieleza, nayo ni mchujo wa kasi kubwa: kujaribu kemikali nyingi mno, maelfu hadi mamilioni, kwa swali moja lile lile na kwa muda mfupi, ili kuona ni ipi inayougusa ugonjwa, na kwa njia hiyo kugundua mahali ambapo ugonjwa unaweza kuguswa. Mahali hapo tunapaita shabaha ya dawa. Wapo wanaopenda kusema kilengwa. Sina ugomvi nao. Ninalotaka kulisema jioni hii ni kwamba ugumu wa kazi hii hauko kwenye kasi. Uko kwenye swali unaloliuliza kisimani, na kwenye kulitilia shaka jibu la kwanza unalolipata. Na kwa kuwa ugumu uko hapo, sisi tulioko Dar es Salaam hatuna sababu ya kukaa kando tukingoja fedha za kununua roboti.

Nianze na kasi ili tuimalize. Mtu mwenye pipeti ya midomo minane, yaani kifaa cha mkononi cha kunyonya na kumimina matone yaliyopimwa, mwenye bidii na kidole gumba kisichochoka, anaweza kuandaa sahani ishirini kwa siku. Ukitoa safu wima mbili za ulinganisho, kila sahani inabaki na nafasi ya kemikali 80, kwa hiyo mtu huyo anapima kemikali 1,600 kwa siku. Mpe kemikali milioni 2, naye atahitaji siku 1,250 za kazi, yaani takriban miaka mitano bila kuugua wala kufiwa. Ndiyo maana sahani iligawanywa zaidi na zaidi, kutoka visima 96 hadi 384, kisha 1,536, ukubwa wa sahani yenyewe ukibaki ule ule, mpaka kisima kikawa kinapokea mikrolita chache tu ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuzimimina siku nzima bila kukosea. Hapo ndipo roboti iliposhika usukani. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba chombo chenyewe hakikuzaliwa katika utajiri. Mwaka 1951 daktari wa Hungaria, Gyula Takátsy, alichonga visima katika kipande cha plastiki kwa sababu alihitaji kupima virusi vya mafua na vifaa vya kawaida vilikuwa adimu.

Mfano wa kasi iliyotumika vizuri ni ule uliochapishwa mwaka 2010 na watafiti wa GlaxoSmithKline katika kituo chao cha Tres Cantos nchini Hispania. Walichukua maktaba yao ya kemikali karibu milioni 2, wakazijaribu zote dhidi ya kimelea cha malaria kinachokua ndani ya chembe nyekundu za damu, na wakapata 13,533 zilizozuia ukuaji wake kwa angalau asilimia 80 katika kiwango kidogo cha dawa. Kisha wakafanya jambo ambalo kampuni za dawa hazina mazoea nalo: wakaiweka orodha hiyo hadharani pamoja na miundo ya kemikali zenyewe. Sasa fikirini mko na orodha hiyo mkononi. Mnajua kwamba zinaua. Hamjui zinaua kwa kushika nini.

Hapo ndipo neno shabaha linapopata uzito wake. Shabaha mara nyingi ni protini, kwa mfano kimeng'enya, pampu au kipokezi, ambayo kimelea au seli ya saratani inaitegemea kiasi kwamba ikishikwa, maisha yake yanakwama. Jenomu, yaani maandishi yote ya vinasaba, ya kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum, ilipochapishwa mwaka 2002, ilionyesha jeni takriban 5,300. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wamezivuruga jeni hizo, katika vimelea zaidi ya 38,000 vilivyobadilishwa, walichapisha hesabu yao: jeni 2,680 ni za lazima, kwa maana kwamba kimelea hakiwezi kukua damuni bila hizo. Dawa zote za malaria tulizowahi kuzimeza, kuanzia kwinini hadi dawa mseto, zinagusa shabaha zinazohesabika kwa vidole. Kwa maneno mengine, nyumba ina milango zaidi ya elfu mbili, nasi tumekuwa tukibisha hodi kwenye michache ile ile.

Lakini kuwa jeni ya lazima hakutoshi kuifanya shabaha. Protini yake iwe na sehemu ambayo kemikali inaweza kukaa, iwe tofauti vya kutosha na ya kwetu ili dawa isimuue mgonjwa, na dawa iweze kuifikia mahali ilipo. Jambo la mwisho ndilo lililowaumiza wengi, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndipo penye somo kubwa kuliko yote katika historia ya fani hii.

Jenomu za bakteria zilipoanza kusomeka miaka ya tisini, mpango ulionekana wazi kama mchana. Chagua jeni ya lazima, tengeneza protini yake, itie kisimani peke yake, mimina mamia ya maelfu ya kemikali, na uchukue zile zinazoisimamisha. Kati ya mwaka 1995 na 2001 kampuni niliyoitaja ilifanya michujo 70 ya namna hiyo kutafuta viuavijasumu vipya, karibu yote ikianzia kwenye protini iliyotengwa, na mwaka 2007 watafiti wake wenyewe waliandika, kwa uungwana ninaousifu, kwamba mitano tu ndiyo iliyozaa kemikali za kuendelezwa. Hakuna roboti iliyoharibika. Kemikali ziliishika protini barabara, ila bakteria si protini iliyolala kisimani. Ina ukuta, ina mafuta juu ya ukuta, na ndani ina pampu zinazokitema kila kigeni kinachoingia. Swali lililoulizwa lilikuwa, je, kemikali hii inaishika protini hii? Jibu likaja sahihi kabisa kwa swali hilo, na halikuwa na maana kwa mgonjwa.

Njia ya pili inaligeuza swali. Unachukua kiumbe kizima, kikiwa hai, na kukijaribu kwa kemikali nyingi bila kujidai unajua ni kipi kitakachokiua, na ukishapata kinachokiua ndipo unauliza kimeshika nini. Wazee wa sayansi waliona ni kurudi nyuma, kana kwamba tunatupa elimu ya jenomu kapuni. Ukweli ni kwamba jenomu ndiyo iliyoifanya njia hii iwe na nguvu, kwa hila moja ambayo naipenda kuliko zote.

Hila yenyewe ni hii. Ukiwa na kemikali inayoua bakteria, unaikuza bakteria hiyo mbele ya dozi isiyowamaliza wote. Wengi wanakufa, wachache wanasalia, na hao wachache mara nyingi wamesalimika kwa sababu herufi moja katika jenomu yao imebadilika. Unaisoma jenomu ya aliyesalimika herufi kwa herufi, unailinganisha na ya mzazi wake, na pale palipotofautiana panakuelekeza kwenye shabaha. Usugu wa dawa, ule ule tunaoulaani hospitalini, ndani ya chupa ya maabara unakuwa shahidi wetu.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana shabaha ya bedakwilini. Watafiti wa Johnson & Johnson nchini Ubelgiji, wakiongozwa na Koen Andries, walizichuja kemikali dhidi ya binamu mpole wa bakteria wa kifua kikuu, anayekua haraka na asiyehatarisha mtu, wakapata kemikali iliyomuua, wakawazalisha sugu, wakazisoma jenomu. Mabadiliko yote yaliwaelekeza kwenye sehemu moja ya kinu ambacho bakteria hutumia kufua nishati. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2005, dawa ikaidhinishwa Marekani Desemba 2012, na leo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu sugu, hapa nchini pia. Bila shaka wapo wauguzi humu ndani walioitoa kwa mikono yao. Sasa jiulizeni: nani angekichagua kinu hicho kuwa shabaha kwa kukaa mezani na kufikiri? Sisi wenyewe tunacho kinu kama hicho ndani ya seli zetu, na mtu mwenye busara angesema tukiache, tutaua watu. Kumbe cha bakteria kinatofautiana na chetu kiasi kwamba dawa inakishika kwa urahisi maelfu ya mara kuliko inavyokishika cha binadamu. Busara ya mezani isingelijua hilo. Bakteria ndiyo iliyolisema.

Malaria nayo imesema kwa njia hiyo hiyo. Mchujo wa kemikali takriban 12,000 dhidi ya kimelea kizima uliizaa sipagamini, iliyochapishwa mwaka 2010, na vimelea vilivyozoeshwa dawa hiyo vilibadilika katika jeni moja, ya pampu inayoitwa PfATP4. Baadaye ikaeleweka kwamba pampu hiyo inaitoa sodiamu nje ya kimelea, mfano wa mabaharia wanaoyakumba maji ngamani usiku kucha ili jahazi lisizame. Dawa inawafunga mikono mabaharia. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, kilitangaza kemikali iliyoanzia pia kwenye mchujo wa kimelea kizima, na shabaha yake ilithibitishwa kwa ushahidi wa pande mbili. Upande mmoja ni vimelea sugu. Upande wa pili ni uvuvi hasa: ndugu ya kemikali hiyo alifungwa kwenye shanga ndogo mno, zikatumbukizwa kwenye mchuzi wa protini za kimelea kama ndoana, na kilichonasa kilikuwa kimeng'enya kiitwacho PI4K. Kemikali yenyewe ilifikia kujaribiwa kwa binadamu na haikufika dukani. Shabaha imebaki, na mtu mwingine anaweza kuilenga kwa mshale mwingine.

Kwa upande wa saratani swali linaulizwa kwa namna tofauti kidogo, nami nitalipitia haraka. Badala ya kemikali, watafiti hutumia mbinu ya krispa (CRISPR), mkasi wa kukata vinasaba, kuzizima jeni za binadamu, takriban 20,000, kila seli ikizimiwa jeni moja na kupewa alama yake kama namba ya mwanafunzi. Wiki kadhaa baadaye wanaita mahudhurio kwa kuzisoma alama zilizobaki, na aliyekosekana ndiye aliyezimiwa jeni ambayo hangeweza kuishi bila hiyo. Mwaka 2019 mahudhurio ya namna hiyo, yaliyoitwa katika mamia ya aina za seli za saratani, yalionyesha kwamba baadhi ya saratani, zile zilizopoteza uwezo wa kurekebisha makosa fulani ya kunakili vinasaba, zinakufa zikikosa protini iitwayo WRN, ilhali seli nyingine haziijali. Ni wachache waliokuwa wakitafuta dawa hapo kabla ya siku hiyo.

Nirudi sasa kwenye shaka, maana nimesema ni nusu ya ugumu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, katika maabara ambayo sitaitaja, nilichuja maji ya mimea dhidi ya bakteria kwa miezi mitatu, na wiki moja ya Februari nikapata mimea kumi na mmoja iliyoua. Sikulala. Nilianza hata kuandika makala kichwani nikiwa kwenye foleni ya kwenda nyumbani. Asubuhi nikamwonyesha mzee wetu mmoja, mteknolojia aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache. Akaigeuza sahani kwenye mwanga, akaisoma kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, mbona dawa zako zote zinaogopa kukaa katikati?" Nikaangalia. Zote kumi na moja zilikuwa kwenye visima vya ukingoni. Sahani ya visima 96 ina visima 36 vinavyopakana na ukingo, na hivyo ndivyo hukauka kwanza. Usiku umeme ulikuwa umekatika, unyevu wa kabati la joto ukapungua, maji yakavukiza ukingoni, chumvi ikakolea, bakteria wakafa kwa chumvi. Nilikuwa nimegundua bahari. Tangu siku hiyo visima vyangu 36 vya nje huwa nimevijaza maji matupu, na ninafanya kazi na 60 vya ndani bila kusikitika. Sahani ya jioni hii nimeijaza mpaka ukingoni kwa sababu ni ya saa moja tu, na mniwie radhi.

Hesabu nayo ina mitego yake. Tuseme umechuja kemikali 100,000 na umeweka masharti makali, kwamba utaikubali tu ile inayopita wastani kwa mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida. Hata kama hakuna hata moja inayofanya kazi, bahati nasibu peke yake itakupitishia takriban 135. Ndiyo maana kabla ya kuchuja chochote tunapima umbali kati ya visima vya hai na visima vya mfu, tukilinganisha na jinsi kila kundi linavyotawanyika lenyewe kwa lenyewe. Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 1999, kikamilifu ni 1, na chini ya 0.5 mtu mwenye akili anarudi kurekebisha jaribio lake badala ya kuendelea kupoteza kemikali.

Kisha kuna kemikali zenyewe, ambazo nyingine ni waongo wa kuzaliwa. Zipo zinazojikusanya kuwa madonge na kuinasa protini yoyote iliyo jirani, zipo zinazowaka zikimulikwa na kuidanganya mashine, zipo zinazochubua kila zinachokigusa. Mwaka 2010 wanakemia wawili wa Australia, Jonathan Baell na Georgina Holloway, waliorodhesha sura za kemikali za namna hiyo, na wengi tunaijaribu orodha yao kabla ya kushangilia. Rangi ya binzari ya manjano imo miongoni mwa wasumbufu hao: inawaka, inaungana ovyo na protini, na imeonekana kuzigusa shabaha nyingi kuliko inavyowezekana kwa kitu cha kweli. Nasema haya nikiwa na pilau la mama mkwe wangu akilini, na sina nia ya kuiondoa jikoni. Mwarobaini tuliuita hivyo kwa kuwa unasemekana kutibu maradhi arobaini. Inaweza kuwa sifa kwa mti. Kwa kemikali moja iliyo kisimani, kutibu arobaini ni sababu ya kuishuku.

Nalisema hili hasa kwa wenzangu wa tiba asili, ambao tuna deni kwao. Pale Muhimbili utafiti wa mimea ya dawa ulianza rasmi mwaka 1974, na hakuna anayeweza kusema hatuna mimea wala hatuna watu wanaoijua. Mwaka 1971 timu ya Tu Youyou nchini China ilikuwa imejaribu mamia ya maji ya mitishamba kwa mkono, panya kwa panya, kabla ya kupata lile lililotupatia dawa mseto tunayoimeza. Ule ulikuwa mchujo, wa polepole. Lakini maji ya magome yana tanini, tanini inashikamana na kila protini, na yana rangi inayofunika rangi ya kipimo. Ukiyatia kisimani bila kuyasafisha na bila kisima cha ulinganisho kisicho na kiumbe, utapata majibu mazuri ajabu kila siku ya Mungu.

Sasa hapa kwetu. Walio na umri wangu wanaikumbuka klorokwini na kuwashwa mwili mzima usiku kucha, mama akikupaka mafuta na kukuambia uvumilie. Mwaka 2001 tuliiacha kama dawa ya kwanza kwa sababu kimelea kiliizoea, tukahamia SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, na mwaka 2006 sera ikahamia dawa mseto. Na sasa katika Mkoa wa Kagera, mpakani na Rwanda, wamepatikana wagonjwa wenye vimelea vyenye badiliko la R561H katika jeni ya kelch13, ambalo ni alama ya usugu dhidi ya artemisini, nusu ya kwanza ya mseto huo. Kwa hiyo jaribio lile la kuzalisha vimelea sugu na kuzisoma jenomu zao, ambalo wenzetu wanalifanya ndani ya chupa kwa miezi mingi, kwetu linafanyika lenyewe vijijini. Damu inayoweza kutuambia shabaha ipi imeanza kujilinda iko kwenye zahanati zetu, na watu wa kuisoma wapo Muhimbili, wapo katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wapo Ifakara na Bagamoyo.

Na maktaba ya kemikali? Shirika la kimataifa la dawa za malaria, MMV, lilichagua kemikali 400 kutoka kwenye orodha zile za maelfu, likaziita Sanduku la Malaria, likazigawa bure kwa maabara zilizoomba duniani kote, na mwaka 2016 yakachapishwa pamoja majibu ya michujo zaidi ya 200 iliyofanywa kwa sanduku hilo, dhidi ya malaria na dhidi ya maradhi mengine ambayo hakuna aliyeyafikiria. Kemikali 400, kwa 80 kila sahani, ni sahani tano. Mtu mmoja, pipeti moja, asubuhi moja. Wanafunzi mnaoniuliza kila mwaka ni lini tutanunua roboti, nawauliza nami: mnalo swali la kuziuliza sahani tano?

Sisemi ni rahisi. Kemikali hizo huyeyushwa katika dimethili sulfoksaidi, ambayo hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam mnaijua; chupa ikifunguliwa mara nyingi, dawa inazimuka bila mtu kujua. Niliwahi kungoja mzigo wa vimeng'enya siku kumi na tisa kwa sababu ya karatasi moja iliyokosa mhuri, na ulipofika, barafu kavu ilikuwa imekwisha kitambo na vimeng'enya vimekuwa supu. Tuliomba radhi, tukaagiza tena. Haya ni matatizo ya jokofu, ya mihuri na ya umeme, na yana dawa yake ambayo haihitaji mchujo. Nitakachokiomba kwa wenye mamlaka ya fedha ni kidogo kuliko wanavyotarajia: jokofu la nyuzi themanini chini ya sifuri lenye jenereta ya uhakika, mashine ya kusoma jenomu inayotumiwa kwa zamu na taasisi zote badala ya kila taasisi kufungia yake kabatini, na mishahara ya wateknolojia wazee ili wasistaafu kabla hawajatuuliza kwa nini dawa zetu zinaogopa kukaa katikati.

Naomba sahani yangu. Asante sana, kijana, naona hukuitikisa. Ndugu Mwenyekiti, nisaidie kuwasha taa ya upande huu.

Safu wima ya kwanza ni waridi yote, na ya kumi na mbili ni buluu yote, kwa hiyo tuna ruhusa ya kuendelea kusoma. Tangawizi, pilipili manga, mwarobaini: waridi kutoka A hadi F, yaani hamira haikujali, angalau kwa nguvu hii na kwa muda huu. Karafuu: A, B na C ni buluu, D ina rangi ya zambarau, E na F ni waridi, na kule G na H pasipo hamira ni buluu, kwa hiyo karafuu haigeuzi rangi yenyewe, hii ningeirudia kwa furaha. Ndimu na siki ziligeuka kuwa nyekundu ya machungwa tangu nilipozimimina, na G na H zake ni vivyo hivyo bila hamira, kwa sababu resazurini hubadilika pia kwa ukali wa asidi. Mtu asiyeweka G na H angesema hamira inastawi ndani ya ndimu. Binzari imetoa kijani, njano juu ya buluu, na siwezi kuisoma kwa macho.

Na majani ya mpera. Hapa naona waridi A, waridi B, C, D, E, kisha F, iliyo dhaifu kuliko zote, ni buluu safi. Kitu hakiwezi kuua kikiwa dhaifu na kuacha kikiwa kikali. Nadhani nilipofika kisima hicho simu iliita, nikasahau kuweka hamira. Lakini nadhani tu. Kesho asubuhi nitairudia safu hiyo katika sahani tatu, simu ikiwa imezimwa, na anayetaka kuja kuhesabu pamoja nami aje saa mbili.